Klachi ya Datsun haisajiliwi kwa jina

Shabiki yeyote wa soka anaijua hadithi ya straika aliyesajiliwa kwa mbwembwe, akapokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na jezi yenye jina lake, kisha akamaliza msimu na mabao mawili. Si kwamba hajui mpira. Alikotoka alizoea kuletewa krosi, hapa amekuta timu isiyo na winga. Viongozi walinunua jina, benchi la ufundi likaachiwa kesi.

Leo tunaomba ruhusa ya wapenzi wa kandanda tutoke kidogo uwanjani twende gereji. Kosa hilohilo la usajili linafanyika huko kila siku, na linayalaza chini ya maturubai magari ambayo ni historia ya michezo ya Afrika Mashariki sawa na fainali yoyote ya Kombe la Chalenji. Tunazungumzia klachi za magari ya mbio ya zamani, na hasa gari moja ambalo wazee wetu waliliona likipita kijijini kwa kasi huku kuku wakitawanyika: Datsun 240Z.

Vijana wanaoijua Safari Rally ya Naivasha, tangu iliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, wakumbushwe kidogo. Mbio hizi zilianza 1953, na kwa miaka mingi zilikuwa zinakata nchi zetu, si nchi moja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973, ambao ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, Mehta alirudi na 240Z akiwa na Lofty Drews. Wakamaliza sare ya adhabu na Harry Källström wa Sweden, naye yumo kwenye Datsun. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, Mehta akapewa ushindi. Mjadala wake vijiweni haukutofautiana na ule wa bao la kuotea dakika ya 90. Baadaye Mehta aliitwaa Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa bado na Datsun.

Kwa hiyo tunaposema 240Z hatuzungumzii mchezo wa matajiri wa Ulaya. Hili ni gari lililotengenezwa Japan lakini jina lake likakuzwa na tope letu. Na tangu 2003, yalipoanza mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yamevuka kutoka Kenya hadi Tanzania, Datsun za familia hii zimekuwa zikirudi kwenye vumbi lilelile.

Sasa tuje kwenye ugonjwa.

Mwenye gari anasikia klachi inateleza: injini inapiga kelele, gari haliendi. Anampigia fundi. Fundi anamwambia, "Bosi, klachi imekwisha, tafuta nyingine." Bosi anatuma kijana dukani, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, au anaagiza nje kwa simu yake usiku akiwa kitandani. Swali analouliza ni moja tu: "Mna klachi ya 240Z?" Jibu nalo ni moja: "Ipo, mzee, tena orijino." Boksi linafika, lina picha nzuri na namba ya gari lake. Giaboksi inashushwa, klachi mpya inafungwa, giaboksi inapandishwa, kazi ya siku nzima kwa watu wawili walio mgongoni chini ya gari. Pedeli inakanyagwa. Gia haziingii. Zinasaga kama kinu. Au zinaingia vizuri, gari linatembea wiki mbili, halafu linaanza kuteleza upya kana kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Lawama zinamwangukia nani? Fundi. Anaambiwa hajui kazi, anatakiwa ashushe giaboksi tena bure, na mara nyingi anashusha. Hili ndilo linalotukera zaidi katika suala zima, kwa sababu mara nyingi fundi hakukosea kufunga. Alifunga alicholetewa.

Klachi ni kiungo, na tunalitumia neno hili kwa maana zote mbili. Kiungo wa timu anapokea mpira kwa mabeki na kuupeleka mbele. Klachi inapokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi, na inajua wakati wa kuachia. Ndani yake kuna wachezaji kadhaa. Flaiwili, lile sahani zito la chuma, linazunguka na injini muda wote. Klachi pleti, yenye bitana pande zote mbili, imevaa shafti ya giaboksi. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili na inaibana klachi pleti ili vizunguke pamoja. Ukikanyaga pedeli, majimaji yanasukuma silinda ndogo iliyo pembeni ya giaboksi, silinda inasukuma foku, foku inasukuma kola, kola imebeba rilizi beringi, na beringi ndiyo inayobonyeza vidole vya presha pleti ili iachie. Mnyororo wote huo unatembea milimita chache tu. Mmoja akiwa mfupi au mrefu kuliko wenzake, timu nzima imefungwa.

Na hapa ndipo Datsun hizi zinapowaingiza watu mkenge. Presha pleti zake hazina kimo kimoja. Kiwanda kilitumia za aina mbalimbali katika miaka ya 240Z, 260Z na 280Z, nyingine zimeinuka, nyingine zimelala. Ili foku ikae mahali pake palepale, kila kimo cha presha pleti kilipewa kola ya urefu wake: presha pleti iliyoinuka inataka kola fupi, iliyolala inataka kola ndefu. Ukubwa nao si mmoja. Gari la viti viwili kwa kawaida linatumia klachi ya kipenyo cha milimita 225, lakini lile lenye viti vidogo vya nyuma, ambalo watu huliita 2+2, lilipewa ya milimita 240, na matundu ya boliti kwenye flaiwili hayafanani.

Basi sheria ya kwanza, na tungependa iandikwe ukutani kwenye kila gereji inayogusa magari haya: kola inafuata presha pleti. Haifuati mwaka wa gari, haifuati giaboksi, haifuati maneno ya muuzaji. Unaponunua presha pleti mpya isiyo na kimo cha ile uliyotoa, kola yako ya zamani imeshapoteza namba kwenye kikosi, hata kama ingali nzima na inang'aa.

Utajuaje? Kwa kupima. Mafundi wanaoshinda na magari haya wana kipimo chao ambacho ni rahisi kukikumbuka kuliko namba ya simu. Funga klachi pleti na presha pleti kwenye flaiwili, boliti zikaze sawasawa. Weka beringi ikiwa kwenye kola yake juu ya vidole vya presha pleti, iguse bila kubonyeza. Kisha pima kuanzia uso wa flaiwili hadi pale kwenye masikio ya kola ambapo foku inashika. Unatafuta takribani milimita 92. Ukipata pungufu kwa milimita kadhaa, kola ni fupi: foku itamaliza mwendo wake kabla klachi haijaachia, na gia zitasaga. Ukipata zaidi, kola ni ndefu, na huo ndio ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza kwa sababu unajificha. Bitana inapolika, vidole vya presha pleti vinarudi kuelekea giaboksi. Kama kola ni ndefu, vinakuta hakuna nafasi. Beringi inabaki imevibonyeza muda wote, klachi inakuwa kama mtu anayeendesha huku ameweka mguu kwenye pedeli, inateleza, inapata moto, inaungua. Mwenye gari anasema, "Hizi spea za siku hizi feki." Kumbe spea ni nzima, imepangwa na mwenzake asiyemfaa.

Kipimo chote hicho kinafanyika mezani, kwa rula ya chuma na veniya, kabla giaboksi haijainuliwa kutoka sakafuni. Dakika kumi. Linganisha na siku nzima ya kushusha upya.

Sasa, kwa nini kuuliza kwa jina la gari hakutoshi? Kwa sababu 240Z nyingi zilizobaki si zilezile zilizotoka kiwandani. Injini ya asili ya gari hili ni silinda 6 za mstari, cc 2,393. Ndugu zake waliofuata walikuja na injini kubwa zaidi za ukoo uleule, na zinaingia bila ugomvi mkubwa. Giaboksi nazo zinahama: masoko mengine yalipata za gia nne, mengine gia tano, na kiwanda chenyewe kilibadilisha giaboksi katikati ya uhai wa gari. Zidisha hapo zaidi ya miaka 50 ya ajali, matengenezo ya dharura na fundi aliyetumia alichokuwa nacho. Kadi ya gari inasema 1972, injini ni ya 1976, flaiwili ni ya gari la nne, presha pleti ilitoka kwa gari lililochinjwa. Ukimwambia muuzaji "240Z ya 1972" umempa wasifu wa mchezaji aliyekwisha staafu.

Jibu sahihi ni kwenda dukani na maiti. Presha pleti ya zamani, klachi pleti ya zamani, beringi ikiwa bado kwenye kola yake. Kama huwezi kubeba, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Hesabu meno ya ndani ya klachi pleti, yale yanayovaa shafti. Kwa magari haya ni 24. Pima kipenyo. Pima kimo cha presha pleti ikiwa imefungwa, si ikiwa huru mkononi, maana vidole vyake hubadilika mahali ikifungwa. Na jambo ambalo tungeliweka kwa herufi nyekundu kama wahariri wangeturuhusu: usitupe kola ya zamani, hata ukinunua seti nzima. Seti nyingi zinazouzwa kwenye boksi zina vitu vitatu tu, klachi pleti, presha pleti na beringi. Kola haimo. Mtu anaivuta beringi ya zamani, anatupa kila kitu kwenye pipa la vyuma chakavu, kesho yake anagundua kuwa ametupa kitu pekee ambacho duka halina.

Tuna neno pia kuhusu bei. Kuna wanaoamini dawa ni kununua kitu kikali zaidi: presha pleti nzito ya mbio, klachi pleti yenye vipande vya metali badala ya bitana ya kawaida. Kwa gari linalokwenda kushindana na injini iliyoongezwa nguvu, sawa. Kwa gari linalotembea mjini na kwenda harusi, ni kumsajili beki wa kuvunja miguu kwa ajili ya mechi ya hisani. Pedeli inakuwa nzito, klachi inashika kwa mshtuko, na mshtuko huo unahamia kwenye giaboksi, shafti na difu, ambavyo kuvipata ni kazi ngumu kuliko klachi yenyewe. Wenye magari wengi hawahitaji kitu zaidi ya klachi ya kawaida ya milimita 225 iliyopangwa vizuri.

Upande wa pili wapo wanaosifia spea za zamani ambazo hazijawahi kufunguliwa, zilizokaa stoo tangu enzi za Mehta mwenyewe. Zina mvuto wake, na sisi tunaelewa mapenzi ya boksi lenye maandishi ya zamani. Lakini bitana ya klachi za miaka hiyo kwa kawaida ilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake linaua mapafu polepole. Na hata klachi chakavu unayoitoa inaweza kuwa nayo. Tabia ya kupuliza vumbi la klachi kwa kompresa, halafu kila mtu gereji anakohoa na kucheka, haina cha kuchekesha. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na anayefuta avae barakoa ya maana. Kijana wa gereji mwenye miaka 19 hajui anachovuta; mwenye gari anayejua na akanyamaza tunamweka kwenye kundi lingine.

Kuna pia njia yetu ya nyumbani, nayo tunaitetea: kubandika bitana upya. Mafundi wetu wamekuwa wakigongea bitana kwa ribiti tangu zamani, kwenye malori na matrekta, na kwa klachi pleti ambayo kitovu chake na springi zake bado nzima ni suluhisho halali. Masharti ni mawili. Unene wa bitana mpya uwe sawa na wa asili, kwa sababu bitana nene inaviinamisha vidole vya presha pleti na kuharibu kipimo chetu cha 92. Na pleti ikimalizika iangaliwe kama imenyooka na haijalemea upande mmoja. Anayekurudishia pleti bila kuizungusha mbele yako uone kama inayumba, mwombe aizungushe.

Huku nyuma kuna wachezaji wa akiba ambao hawatajwi magazetini. Pale mwisho wa shafti ya injini kuna bushi ndogo ya shaba inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi. Ikilika, klachi itatetema hata kama ni mpya. Sili ya oili ya nyuma ya injini ikivuja, oili inaingia kwenye bitana na mchezo umekwisha. Vyote viwili ni vya bei ndogo na vinafikiwa tu giaboksi ikiwa chini. Kuviacha ni kutafuta kushusha tena. Flaiwili nayo ikikerezwa, uso wake na presha pleti nzima vinarudi kuelekea injini kwa kiasi kilichokatwa, kwa hiyo mkerezaji aseme amekata kiasi gani, na fundi akumbuke kwamba foku sasa itaikuta kola mbali zaidi.

Halafu kuna majimaji. Wapo waliopima kila kitu, kola sawa, presha pleti sawa, na bado gia zinasaga. Waangalie silinda ndogo inayosukuma foku. Datsun Z za mwanzo zilikuja na fimbo ya kurekebisha na springi ya kurudisha; za baadaye zinajirekebisha zenyewe na hazina springi hiyo. Ukichukua silinda ya aina moja ukaivalisha springi na fimbo za nyingine, umechanganya mifumo miwili ya uchezaji. Upana wa tundu nao una hesabu yake. Silinda yenye tundu la inchi 3/4 badala ya 11/16 inaonekana karibu sawa kwa macho, lakini kwa kanyago lilelile fimbo yake inatembea pungufu kwa asilimia 16. Pedeli itakuwa laini, dereva atafurahi, na klachi haitaachia hadi mwisho. Kwenye mnyororo unaotembea milimita chache, asilimia 16 ni kadi nyekundu.

Tusidhani ni ugonjwa wa Datsun peke yake. Porsche 911, gari ambalo Björn Waldegård alishindia Safari Classic mwaka 2011, lilibaki na jina moja na sura karibu ileile kwa miongo, lakini ndani mambo yalihama. Carrera ya 3.2 ya mwaka 1986 inavuta klachi kwa waya. Ya 1987 imepewa giaboksi nyingine na klachi ya majimaji, yenye kipenyo kikubwa zaidi. Miezi michache ya tofauti, spea haziingiliani. Nako huko, anayeuliza "klachi ya 911" anaomba kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuseme tunachotaka.

Kwa wauzaji: boksi la klachi ya gari la zamani liuzwe na vipimo vyake. Kipenyo, meno, na kimo cha presha pleti ikiwa imefungwa. Muuzaji ambaye hawezi kupima kimo akubali kurudishiwa mali ambayo haijafungwa, bila kubandika kile kikaratasi cha "mali ikiuzwa hairudishwi" juu ya kaunta. Hatusemi wauzaji wote ni matapeli. Wengi wanauza wanacholetewa na hawajawahi kuona 240Z ikitembea. Lakini neno "orijino" limechoka. Orijino ya gari gani?

Kwa wenye magari: lipeni kazi ya kupima kama kazi. Fundi anayekaa mezani nusu saa na veniya kabla hajashika spana hapotezi muda wako. Na kama wewe ndiye uliyeleta spea, na fundi akakuonyesha kwa rula kuwa haiendani, ukamwambia "funga hivyohivyo, rali ni Jumamosi", basi kushusha mara ya pili ni juu yako, si juu yake. Kwenye soka kocha akilazimishwa mchezaji na uongozi, angalau mashabiki wanajua. Gereji hakuna mashabiki. Kuna fundi mmoja, deni la watu wawili, na jina lake linalochafuliwa mtaani.

Na kwa klabu na waandaaji wa mashindano ya magari ya zamani, ambao ndio hasa tuliokuwa tunawaendea tangu mwanzo: wekeni daftari. Kila gari la aina hii linalofika kukaguliwa kabla ya mashindano liandikwe lina flaiwili gani, presha pleti ya kimo gani, kola ya urefu gani, silinda ya tundu gani, na ilipatikana wapi. Magari haya si mengi kiasi cha kushindwa kuandikwa, na wamiliki wake wanajuana kwa majina. Mwenye gari wa Mombasa akikwama asilazimike kuagiza ng'ambo na kusubiri wiki kadhaa kitu ambacho mwenzake wa Arusha anacho kwenye kopo la rangi, hajui ni cha nini. Klabu ikiweza kukusanya kola za urefu wote na kuziazima kwa ajili ya kupimia tu, itakuwa imeokoa giaboksi nyingi kupanda na kushuka bure.

Nissan wenyewe wamelitunza gari lililoshinda Safari ya 1971. Liko Japan, limefanyiwa ukarabati, wageni wanalitazama. Huku lilikoshindia, ndugu zake waliobaki wanaponzwa na kipande cha chuma kinachoingia kwenye kiganja. Daftari hilo lianze na magari yaliyoshushwa giaboksi wiki hii, kabla kijana wa vyuma chakavu hajapita na mkokoteni wake kuchukua kola zilizoachwa pembeni ya pipa.